Wakili na Baraza ya Mtandao

Wazee wetu wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, taaluma ya uwakili ilishika mwendo wa kauli hiyo kwa miaka mingi, ikaufanya kuwa sharti la kazi. Wakili alikatazwa kujitangaza. Alitundika kibao chake mlangoni, akakaa akingoja. Aliyemjua alimwendea, na asiyemjua alibaki na dhiki yake.

Yafaa tuulize katazo hilo lilimlinda nani. Watetezi wake walisema kuwa linahifadhi heshima ya mahakama, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini tajiri hakuhitaji tangazo, kwa kuwa alikuwa na wakili wake kama alivyokuwa na daktari wake. Aliyehitaji kuambiwa ni mnyonge, ambaye hakujua kama shida yake ina dawa mahakamani, wala hakujua atatozwa kiasi gani.

Ukuta huo ulibomolewa kwanza Marekani. Mwezi wa Februari 1976, mawakili wawili wa mji wa Phoenix, John Bates na Van O'Steen, walichapisha bei za kazi zao gazetini: talaka isiyo na ubishi dola 175, na ada ya mahakama dola 20 juu yake. Chama cha mawakili cha jimbo la Arizona kikawafungulia mashitaka ya nidhamu. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo tarehe 27 Juni 1977, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kuwa tangazo la kweli la wakili haliwezi kupigwa marufuku moja kwa moja. Uingereza ililegeza kamba mwaka 1984. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2012 kuwa katazo la jumla halipatani na Katiba yao, na mwaka 2014 zikatungwa kanuni mpya za matangazo ya mawakili.

Kwa hiyo blogu na mitandao ya kijamii imekuta mlango umekwisha kufunguliwa. Swali lililobaki ni namna ya kuingia.

Mfano ulio bora ni ule wa Tom Goldstein na Amy Howe, walioanzisha SCOTUSblog mwaka 2002 wakiwa na ofisi ndogo ya uwakili. Walieleza kesi za Mahakama ya Juu ya Marekani kwa lugha ambayo hata asiye mwanasheria aliifahamu. Tarehe 28 Juni 2012, ilipotolewa hukumu juu ya sheria ya bima ya afya, vituo vikubwa vya televisheni, CNN na Fox News, viliharakisha kutangaza kinyume cha kilichoamuliwa. Blogu ile ilieleza sawasawa. Imani ya namna hiyo hainunuliwi kwa tangazo la rangi.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni, kwa kuwa tuna baraza. Mtu anayekuja barazani kila jioni kujisifu, watu humnyanyukia mmoja mmoja. Anayesikiliza, akajibu swali la jirani bila ya kudai malipo, ndiye anayefuatwa nyumbani siku ya shida. Mtandao wa LinkedIn, ulioanza mwaka 2003, ni baraza ya wenye taaluma. Wakili wa Unguja aliyeandika kwa makini juu ya mirathi ambayo warithi wake wametawanyika baina ya Pemba, Mombasa na Muscat, atajulikana kwa wakili mwenzake wa Mombasa, na kazi itapita baina yao. Lakini atakayejaza ukurasa wake picha za joho na pongezi za siku ya kuzaliwa, asitaraji mengi.

Hatari iko penginepo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo la Virginia ilihukumu shauri la wakili mmoja wa Richmond, ambaye blogu yake ilisimulia zaidi kesi alizoshinda. Mahakama ilisema maandishi hayo ni tangazo la biashara, na lazima yabebe tahadhari kwa msomaji. Lakini iliamua pia kuwa hawezi kuzuiwa kueleza mambo ya wateja yaliyokwisha semwa hadharani mahakamani.

Hapo ndipo napata wasiwasi. Hukumu hiyo imetolewa kwa watu wa miji mikubwa. Kwetu, wakili akiandika kuwa leo amemtetea "mteja mmoja wa kaskazini aliyegombana na kaka yake juu ya mikarafuu ya marehemu baba yao", hakutaja jina, na huenda kila alichokisema kilisikika mahakamani. Lakini kabla ya magharibi kijiji kizima kitakuwa kimemjua mtu huyo, pamoja na kaka yake, na suluhu ambayo wazee walikuwa wakiitafuta itakuwa imeharibika. Katika kisiwa, kuficha jina si kuficha mtu. Watungaji wa kanuni zetu wasinakili tu za wengine katika jambo hili. Idhini ya mteja iwe ya maandishi, hata kama kesi imekwisha.

Halafu wapo vishoka, wasio na leseni wala elimu, ambao mtandao umewapa ofisi isiyo na kodi. Tanzania Bara, Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili ambao mwananchi anaweza kuutumia kumhakiki wakili. Sajili ya mawakili wa Zanzibar ni yake mbali, na wahusika waiweke wazi vivyo hivyo, ifunguke hata katika simu ya mvuvi wa Micheweni. Mwananchi naye, kabla hajatoa shilingi moja kwa mtu aliyemsoma mtandaoni, amuulize jina lake kamili na namba ya usajili wake, kisha akalitafute jina hilo mwenyewe.