Gari Likilia Mbele

Barabara ya Kisangani hadi Yangambi, kilomita zipatazo 100 za matope na mashimo, huchosha springi za gari kuukuu. Mlio wa mbele usizimwe kwa redio! Pini ikilika, springi huhama na usukani huvuta upande.

Mmoja alitikise gari. Mwingine apige magoti kando, si chini yake, atege sikio. Amwagie maji kiungo kimoja kimoja: mlio ukikatika kwa muda, ndicho hicho.

Pini ya chuma ipigwe grisi mpaka ile chafu itoke. Bushi ya mpira usiipake grisi wala oili, itavimba na kuoza; iliyopasuka ibadilishwe.

Jeki huteleza matopeni. Asiingie mtu chini kabla ya magogo imara kushika chasisi.