Moyo ukisimama, usingoje daktari

Mtu ameanguka ghafla kwenye kituo cha matatu. Watu wanamzunguka. Mmoja anammwagia maji, mwingine anataka anusishwe kitunguu, wa tatu anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Hakuna aliyetazama kama anapumua. Hatimaye anapakiwa garini na kukimbizwa hospitalini, na daktari hana la kufanya ila kuwapa jamaa pole.

Wengi wa wagonjwa hawa hawakukosa dawa. Walikosa msaada katika dakika za mwanzo. Moyo ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo, na ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne hivi huanza kuharibika. Kwa msongamano wa magari tuujuao, ni vigumu ambulensi kufika kwa muda huo.

Dawa ya dakika hizo ni mikono yako. Mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, walieleza jinsi damu inavyoweza kuendelea kuzunguka kwa kubonyeza kifua kutoka nje, bila kukipasua.

Hatua za kwanza

Hakikisha mahali ni salama. Aliyepigwa na stima usimguse kabla ya kuzima swichi kuu. Mtikise mabega na umwite kwa sauti. Tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10. Kuhema kwa kukatakata, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Kama haitiki wala hapumui sawasawa, mnyoshee mtu mmoja kidole na umwambie: "Wewe, piga 999 au 112." Ukiuambia umati, kila mtu atamtegemea mwenzake.

Mtu mzima

Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Piga magoti kando yake. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na mkono wa pili juu yake. Nyosha viwiko, bonyeza kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiache kiinuke kabisa. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde.

Baada ya kubonyeza mara 30, inua kidevu chake, ziba pua na umpulizie pumzi mbili mdomoni huku ukitazama kifua kikiinuka. Usipoweza kupuliza, bonyeza tu bila kukoma. Pokezaneni kila baada ya dakika mbili, kwani kazi hii huchosha. Usiache kwa kuogopa kuvunja mbavu. Mbavu huunga.

Watoto

Moyo wa mtu mzima mara nyingi husimama kwa maradhi ya moyo wenyewe. Wa mtoto husimama hasa kwa kukosa hewa: amezama katika beseni la nguo, amepaliwa, au ana nimonia kali. Kwa hiyo kwake pumzi zina umuhimu mkubwa. Aliyezama, anza na pumzi mbili. Usimning'inize miguu juu eti maji yatoke, unapoteza wakati.

Hesabu ni ile ile, 30 kwa 2. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja tumia mkono mmoja au miwili, kifua kishuke sentimita 5 hivi. Kwa mchanga, kizungushie kifua viganja vyako na ubonyeze kwa vidole gumba viwili, sentimita 4 hivi. Ziba mdomo na pua yake pamoja kwa kinywa chako, upulize pumzi ndogo tu. Ukiwa peke yako bila simu, fanya haya kwa dakika mbili kabla ya kwenda kutafuta msaada.

Aliyepaliwa

Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kukohoa au kusema, mwinamishe, umpige mara 5 mgongoni katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, na uvute kwa ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu. Mtoto mchanga kamwe usimbonyeze tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze na umbonyeze kifua mara 5. Akizirai, mtu mzima au mtoto, anza kubonyeza kifua kama tulivyoeleza.

Kusoma gazetini hakutoshi. Mikono hujifunza kwa kutenda. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza nchini. Na ukienda, usimwache nyuma yaya. Yeye ndiye anayeshinda na mtoto wako mchana kutwa.