Kilimia nyuma ya nyumba: picha hii ni ya kweli?



Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, umeme ukiwa umekatika, tulisimama nyuma ya nyumba na vijana watatu wa kwaya. Tulikuwa na kamera ile ile inayopiga picha za arusi kanisani. Tulitaka picha ya Kilimia, fungu la nyota linalotajwa katika Ayubu 38 na Amosi 5, ambalo jina lake kwa Kiswahili lahusiana na kulima. Kwa macho tulihesabu nyota sita. Picha ilitoa makumi.

Tulipoionyesha Jumapili, mzee mmoja wa kanisa aliuliza: “Mchungaji, hizi nyingine mmeziongeza kwa kompyuta?”

Swali lake ni la haki. Simu zetu zinaleta picha nyingi za uongo: maiti wa nchi nyingine wanasemwa kuwa ni wa kijiji cha jirani, na watu wanabeba watoto na kukimbia bure. Basi tunaeleza hapa namna picha yetu ilivyopatikana, ili kila mtu aipime.

Jicho hupokea mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huanza upya. Kamera inaweza kubaki wazi kwa sekunde kadhaa ikikusanya mwanga, kama ndoo iliyowekwa chini ya paa wakati wa manyunyu. Lakini dunia inazunguka, na anga linaonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Mara ya kwanza tuliacha kamera wazi sekunde 30, na kila nyota ikawa mstari.

Wapiga picha wana hesabu rahisi: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita. Lenzi ya 50 inatoa sekunde 10. Kamera nyingi za bei nafuu zinakuza picha zaidi, kwa hiyo gawanya tena kwa 1.5: zinabaki karibu 6.7. Sisi tulitumia 4.

Tulisimamisha kamera juu ya miguu mitatu. Tulifungua lenzi hadi f/2, tukaweka ISO 1600. Kamera haiwezi kujilenga yenyewe gizani. Tulikuza nyota moja angavu kwenye kioo na kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka ikawa nukta ndogo. Tuliweka kipima muda cha sekunde 2, ili kidole kisitikise kamera. Kisha tulipiga picha 64.

Hapa ndipo kompyuta inaingia. Programu kama Siril na DeepSkyStacker, ambazo ni za bure, zinapanga picha zote nyota juu ya nyota na kutafuta wastani. Chembechembe za gizani zinaanguka mahali tofauti katika kila picha, kwa hiyo zinafifia: picha 64 zinazipunguza mara 8. Nyota inabaki pale pale. Programu haikuongeza hata nyota moja. Torati inataka mashahidi wawili au watatu. Sisi tulikuwa na 64.

Na bado hatukuona zote. Kilimia kina nyota zaidi ya 1,000, na mwanga wake unasafiri karibu miaka 440 kabla ya kutufikia.

Mtakaojaribu, chagueni usiku usio na mwezi. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 7, Kilimia hakionekani jioni. Tafuteni fungu liitwalo M7, karibu na mkia wa Nge. Msitoke barabarani na kamera usiku. Bakini ndani ya ua, na mjulishe majirani na mkubwa wa nyumba kumi mapema, ili mtu asishtuke.

Jumapili iliyofuata tuliweka picha moja kati ya zile 64 kando ya ile ya mwisho. Mzee alivaa miwani, akachagua nyota katika ile ya kwanza, akaitafuta katika ya pili, moja baada ya nyingine. Alipofika 19 alisema: “Zipo.”

Tunaomba kila nyumba ifanye kama yeye. Picha ikifika kwenye simu yako, kabla ya kuituma uliza: nani aliipiga, wapi, lini, na mashahidi wengine wako wapi?