Wapishi, Matroni na Walinzi wa Shule za Bweni

Saa kumi alfajiri, wanafunzi wa shule ya bweni wangali usingizini, mpishi huwa amekwisha kuwasha moto wa uji. Mlinzi wa usiku bado yu langoni na tochi yake. Haupiti muda matroni naye huamka, akaanza kuzunguka mabweni kuona ni nani aliyelala vibaya na ni nani aliyeshikwa na homa. Kengele ipigwapo, maji yamo katika mapipa na uji u tayari. Wanafunzi hunywa, wakaenda darasani, na ni wachache waulizao uji huo ulitoka wapi.

Shule ikifaulu katika mtihani, sifa huwaendea walimu na wanafunzi, nayo ni haki yao. Lakini yafaa ifahamike kwamba kazi ya hao wengine si kazi ya mikono tu. Ni kazi yenye maarifa yake, na maarifa hayo yakikosekana wanafunzi huugua, na pengine hufa.

Tuanze jikoni. Katika shule yenye wanafunzi 600, kila mmoja akipewa robo kilo ya unga kwa mlo mmoja wa ugali, unga utakaohitajika ni kilo 150, yaani gunia zima la kilo 90 na theluthi mbili za gunia la pili. Unga huo husongwa kwa mwiko mrefu kama kasia, na asongaye husimama juu ya mvuke na moshi kwa muda mrefu. Ugali wenye mabuje hukumbukwa na wanafunzi mpaka uzeeni. Ugali mzuri husahauliwa siku ile ile, na hiyo ndiyo bahati mbaya ya mpishi.

Lakini nguvu za mikono si jambo kubwa kuliko yote. Mpishi na mtunza ghala ndio wanaosimama kati ya mwanafunzi na mahindi mabovu. Katika mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu na kuingiwa na sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo kinga yote hufanywa kabla ya mahindi kufika katika sufuria. Magunia huwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, ili yasivute unyevu. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizooza huchambuliwa na kutupwa.

Mtunza ghala mwenye busara hayapokei mahindi kwa kutazama gunia tu. Huweza kutia punje kiasi katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, akaifunga na kuitikisa vizuri, kisha akaiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo cha chupa, mahindi bado yana maji mengi, nayo hayafai kuwekwa ghalani. Ikiwa mtu huyo asema, “Mahindi haya yarudishwe,” naye mkuu wa shule akampuuza kwa sababu bei yake ilikuwa rahisi, basi shule imetupa kinga yake ya kwanza.

Maharagwe nayo yana siri yake. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huleta kutapika na kuhara baada ya saa chache. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga maji yale, na kuyachemsha kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10, ndipo yaachwe yaive polepole mpaka yalainike. Kuyapasha moto kidogo pasipo kuchemka kwaweza kuwa kubaya zaidi kuliko kutoyapika kabisa. Basi siku ambayo kuni ni chache au zimelowa, mpishi hana budi kuchagua kati ya githeri iliyochelewa na githeri ya hatari. Wanafunzi hupiga kelele kwa njaa nje ya dirisha, naye huendelea kungoja. Anayengoja hivyo anastahili heshima, wala si matusi.

Pia chakula kilichobaki katika sufuria kubwa hupoa polepole sana katikati, na kikikaa hivyo zaidi ya saa mbili vijidudu huongezeka ndani yake, ijapokuwa hakinuki. Kwa sababu hizi sheria za afya za Kenya zimewataka washikao chakula cha watu wapimwe afya kila miezi 6. Shule isiyowapeleka wapishi wake kupimwa haiwezi kuwalaumu mambo yakiharibika.

Kutoka jikoni twende bwenini, ambako matroni ndiye mkubwa. Watoto wengi wa shule za msingi za bweni huondoka nyumbani wangali wadogo, na matroni huwa kwao kama mama. Wao wenyewe humwita Mama. Yeye ndiye ajuaye ni nani anayekojoa kitandani, na humbadilishia shuka kabla wenzake hawajaamka ili asichekwe. Yeye hufundisha msichana aliyevunja ungo namna ya kujitunza. Mambo haya hayaandikwi katika ripoti yo yote ya shule.

Zaidi ya hayo, matroni hupigana vita na wadudu. Chukua mfano wa upele. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna, na muda huo wote huwaambukiza wenziwe. Basi kumtibu mtoto mmoja peke yake ni kazi bure. Hapana budi wote waliolala karibu naye watibiwe siku moja, na nguo na shuka zao zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Zisizoweza kufuliwa hufungwa katika mfuko kwa siku 3 au zaidi, kwa maana mdudu wa upele hawezi kuishi muda mrefu mbali na mwili wa mtu. Kunguni ni adui mwingine kabisa. Yeye hujificha katika nyufa za vitanda na mishono ya magodoro, na huweza kukaa miezi bila kula. Likizo haimwui. Matroni anayejua tofauti hii huiokolea shule fedha nyingi za dawa.

Kazi hizi zote zataka maji. Shirika la Afya la Dunia limeshauri kwamba shule ya bweni iwe na lita 20 kwa kila mtu kwa siku. Kwa wanafunzi 600 hizo ni lita 12,000 kila siku, bila kuhesabu watu wengine wakaao shuleni. Bomba likikauka, wafagiaji wa vyoo ndio wa kwanza kujua, nao ndio wa mwisho kuulizwa.

Usiku nao una mambo yake mazito. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli wilayani Machakos, bweni lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Serikali ilitoa kitabu cha usalama wa shule, kikaagiza kwamba milango ya mabweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Hata hivyo mwezi wa Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri.

Kitabu hakiwezi kuzunguka bweni saa nane za usiku. Azungukaye ni matroni na mlinzi. Wao ndio waonao kwamba vitanda vimeongezwa mpaka njia imezibwa, au kwamba ufunguo wa mlango wa dharura haupo mahali pake. Wao ndio wahesabuo watoto kabla ya taa kuzimwa, hivyo hujua ni wangapi wamo ndani. Katika shule nyingi mlinzi wa usiku hana njia ya kumfikia mkuu wa shule na habari hizi pasipo kuonekana mkorofi, nalo ni kosa kubwa.

Sasa kuhusu malipo yao. Walimu wa shule za Serikali huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa mwaka 1967, na mishahara yao hutoka katika hazina ya nchi. Wapishi, matroni, wafagiaji na walinzi walio wengi huajiriwa na halmashauri ya shule yenyewe, nao hulipwa kwa fedha ambazo shule imepata. Karo ikichelewa, mshahara wao huchelewa. Shule zote zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wengi wa watu hawa walikaa miezi mingi bila malipo, na wengine walirudi mashambani wasirejee tena. Shule zilipofunguliwa, baadhi ziliwapata wapishi wapya wasiojua hata ufunguo wa ghala ulipo.

Zamani, katika shule za misheni kama Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Alliance ya Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926, wanafunzi walifagia mabweni na kulima bustani kwa mikono yao. Desturi ya kufagia ingaliko katika shule nyingi, nayo ni nzuri, kwa kuwa aliyekwisha kupiga deki sakafu hasiti kufuta viatu vyake mlangoni. Mwanafunzi pia aweza kumwita mpishi kwa jina lake badala ya jina la utani, na kupanga sahani baada ya kula.

Mzazi aendaye shuleni siku ya kuwatembelea watoto aghalabu huulizia alama za mtihani, kisha hufungua chakula alichokuja nacho. Hakuna kinachomzuia kupita jikoni akamwamkia mpishi, na kutazama kama jiko lina bomba la kutoa moshi. Naye mjumbe wa halmashauri ya shule ana haki ya kuuliza katika mkutano kama wafanyakazi wamelipwa mshahara wa mwezi uliopita, na ni nani mwenye ufunguo wa mlango wa pili wa bweni.