Meno ya Nyanya Yasiyokubali Kutulia

Je, umewahi kumwona nyanya akigeukia ukutani, karamu ikiwa imepamba moto, akayatoa meno yake ya bandia na kuyafunga kwenye leso ndipo arudi kula? Usimcheke. Mara nyingi yanayomsumbua ni yale ya chini.

Meno ya juu hujishikilia kwenye kaakaa, ambalo ni pana. Ya chini hukalia ufizi mwembamba huku ulimi ukiyasukuma kila anapotamka neno. Isitoshe, meno yakishang'olewa, mfupa wa taya huendelea kulika mwaka baada ya mwaka, na utafiti uliochapishwa 1972 ulionyesha kuwa taya la chini hulika karibu mara nne kuliko la juu. Ndiyo maana meno yaliyomkaa barabara zamani leo yanacheza mdomoni.

Lakini kuna dawa. Daktari humtia ganzi, akatoboa mfupa sehemu ya mbele, pale yalipokuwa machonge, na kukaza skrubu mbili za madini ya titani. Hatoboi nyuma zaidi kwa kuwa huko hupita mshipa wa fahamu wa mdomo. Kwa kawaida husubiriwa miezi miwili au mitatu hadi mfupa uzishike skrubu hizo. Kisha hufungwa vichwa vidogo, na meno ya bandia hubanwa juu yake kama vifungo vya kubonyeza vya nguo za mtoto. Usiku huyatoa mwenyewe na kuyasugua.

Ufundi huu ulianzia Uswidi kwa Profesa Per-Ingvar Brånemark, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza 1965. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walisema skrubu mbili ndizo ziwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno.

Umri pekee si kizuizi. Mwambie daktari, hata hivyo, ikiwa mzee anavuta sigara, ana kisukari kisichodhibitiwa, anatumia dawa za mifupa au amewahi kutibiwa saratani kwa miale. Bei nayo si ya mchezo, kwa hivyo uliza kama meno aliyo nayo yanaweza kutobolewa na kutumika. Mara nyingi huwezekana. Uliza pia bei ya vipete vya plastiki vinavyoshika vile vichwa, kwani huchakaa na itabidi vibadilishwe mara kwa mara.