Urefu Peke Yake Hautoshi: Hasheem Thabeet na Miaka Mitatu ya Chuo

Alikuwa amekaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamegota juu. Nilikuwa nimekwenda shuleni kwao kuzungumza na kidato cha pili juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa kubalehe. Ni mrefu kuliko mwalimu wake wa michezo, na wenzake wamembandika jina la Mlingoti. Kipindi kilipokwisha akanifuata nje, akichechemea.

"Samahani dada. Mimi nacheza basketi. Nikikaza kweli kweli, naweza kufika Marekani kama Hasheem?"

Nikamwuliza mguu umefanya nini.

"Kifundo tu, dada. Niliteguka wiki iliyopita. Nachuliwa kila jioni, halafu naingia mazoezini. Nisipoonekana uwanjani, UMISSETA wataniacha."

Na masomo je? Akacheka kidogo, akatazama chini. Hesabu alikuwa ameziacha "kwa muda".

Swali lake ni la maana, na wapo wengi wanaojiuliza hivyo hivyo. Sikutaka kumjibu juu juu. Basi hebu tumtazame huyo Hasheem mwenyewe, hasa miaka yake mitatu ya chuo, tuone mchezaji anakua vipi.

Alianza akiwa amechelewa

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alisoma Sekondari ya Makongo, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Kule Marekani kuna watoto wanaoanza kudunda mpira kabla hawajaingia darasa la kwanza. Kwa hiyo yeye alikuwa nyuma kwa miaka mingi, ila alikuwa na kitu kimoja ambacho kocha hawezi kukufundisha: urefu. Alifikia mita 2.21, yaani futi 7 na inchi 3. Ukikumbuka kwamba ringi iko mita 3.05 kutoka chini, utaelewa kwa nini makocha walimwangalia mara mbili.

Alikwenda Marekani kumalizia sekondari, mwisho katika shule ya Cypress Christian huko Houston. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, ambaye tayari alikuwa ameshachukua ubingwa wa vyuo mara mbili, 1999 na 2004.

Msimu wa chuo ukoje?

Wengi hudhani mchezaji wa chuo kule ni mchezaji tu. Hapana. Ni mwanafunzi kwanza. Chuo kinamlipia masomo, chakula na malazi, naye anatakiwa afaulu. Akishindwa darasani, haruhusiwi kuchezea timu hata awe hodari namna gani. Michezo huanza Novemba na kuishia Machi au mwanzoni mwa Aprili, kwenye mashindano makubwa ya taifa ambapo ukifungwa mara moja tu, safari imekwisha. Miezi mingine ni ya kujenga mwili, kunyoosha makosa na kusoma. Mashabiki hawaioni miezi hiyo, lakini mchezaji anakua hasa wakati huo.

Tazama namba zake

Msimu wa kwanza, 2006 hadi 2007, Hasheem alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo, ribaundi 6.4, na alizuia mitupo 3.8. Timu ilishinda michezo 17 na kufungwa 14.

Msimu wa pili: pointi 10.5, ribaundi 7.9, mitupo aliyozuia 4.5. Timu ilishinda 24 na kufungwa 9.

Msimu wa tatu: pointi 13.6, ribaundi 10.8, mitupo aliyozuia 4.2. Timu ilishinda 31 na kufungwa 5 tu.

Umeona? Hakuruka ghafla kutoka chini hadi juu. Alipanda ngazi moja moja. Na angalia tena: mitupo aliyozuia ilipungua kidogo mwaka wa tatu. Je, aliharibika? La. Mwaka huo huo alichaguliwa tena kuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East, kama mwaka uliotangulia, na akawa mchezaji bora wa ligi kwa pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Si kila namba inapanda kila mwaka. Hata ripoti yako ya shule iko hivyo: Kiswahili kinapanda, Jiografia inashuka kidogo, lakini wewe kwa jumla unakwenda mbele.

Uamuzi wa mwaka 2008

Hapa ndipo pananivutia mimi zaidi. Machi 2008 Connecticut ilitolewa raundi ya kwanza kabisa na San Diego, 70 kwa 69, katika muda wa nyongeza. Hasheem alikuwa na miaka 21. Wachambuzi wengi waliona kwamba akiondoka chuo wakati ule, timu ya NBA ingemchukua katika raundi ya kwanza. Hiyo ni pesa ambayo mimi na wewe hatujawahi kuiona hata kwa macho. Na kumbuka, wakati ule mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kulipwa. Ruhusa ya kupata kipato kutokana na jina na sura yake imekuja mwaka 2021.

Hasheem akasema anarudi mwaka mmoja zaidi.

Fikiria ungekuwa wewe. Nyumbani wanakutegemea, washikaji wanakwambia chukua chako mapema, nawe unasema subiri. Matumaini ya msimu uliokuwa unakuja yalikuwa makubwa, lakini hayakuwa na uhakika. Angeweza kuumia, au angeweza kucheza vibaya na thamani yake ikashuka.

Msimu ukaja. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Timu ilifika nne bora za taifa, ikatolewa na Michigan State 82 kwa 73 mjini Detroit. Juni mwaka huo Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wanaingia NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo.

Magoti ya wenzake

Kuna jambo ambalo watu hulisahau wakisimulia msimu ule. Mwenzake A.J. Price, mwongozaji wa timu, alikatika kano ya goti katika mchezo ule ule wa San Diego. Alifanyiwa upasuaji, akafuata mazoezi ya tiba kwa miezi kadhaa, ndipo akarudi na kuisaidia timu kufika nne bora. Mwenzao mwingine, Jerome Dyson, aliumia goti Februari 2009, na msimu wake ukaishia hapo hapo.

Hao wote walikuwa na madaktari pembeni ya uwanja. Wewe unayecheza kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, na raba zilizokwisha soli, una sababu kubwa zaidi ya kuuheshimu mwili wako.

Ukiteguka kifundo, fanya hivi:

1. Acha kucheza palepale. Usijikaze kiume, wala kike.
2. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kama dakika 15 hadi 20, halafu pumzisha. Rudia mara kadhaa kwa siku. Hakuna barafu? Kitambaa kilicholowa maji baridi kinasaidia.
3. Funga bandeji, isibane hadi vidole vife ganzi.
4. Lala ukiwa umeuinua mguu juu ya mto.
5. Usichue kwa nguvu, wala usiweke maji ya moto siku mbili tatu za kwanza. Utaongeza uvimbe.
6. Ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa unauma ukiubonyeza, au mguu umekaa vibaya, nenda hospitali. Huenda umevunjika.

Maumivu ni taarifa. Mwili unakwambia kitu, na ukiuziba mdomo kwa dawa ya kutuliza ili ucheze tu, jeraha la wiki mbili linaweza kuwa la miaka.

Je, ni kweli basketi inarefusha?

Hapana. Watu wanaona wachezaji warefu, wanadhani mchezo ndio uliowarefusha. Ukweli ni kwamba warefu ndio wanaochaguliwa. Urefu wako kwa sehemu kubwa umetokana na wazazi wako, halafu chakula na afya tangu utotoni. Mifupa hurefuka kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha zake. Wakati wa kubalehe sehemu hizo hufanya kazi kwa kasi, kisha hufunga, na kurefuka kunakoma. Wasichana wengi huanza na kumaliza mapema kuliko wavulana. Ndiyo maana katika kidato cha kwanza msichana anaweza kumzidi mvulana kimo, na kidato cha nne mambo yakageuka.

Kipindi hicho cha kurefuka haraka, mikono na miguu hukutangulia. Unajikwaa, unaangusha vitu, mpira unakuponyoka. Si uzembe. Ubongo unajifunza upya mwili ulivyo. Basi mwenzako akiwa mrefu ghafla, usimtanie mpaka ajikunje mgongo. Na wewe uliye mfupi, usihangaike: katika mpira wa kikapu kuna kazi ya kuongoza timu, kupiga pasi na kutupa kwa shabaha.

Hakuna kidonge kinachobadilisha hili. Dawa za kutunisha misuli zikitumiwa na kijana ambaye bado anakua, zinaweza kuzifunga zile sehemu za mifupa mapema ukabaki mfupi kuliko ambavyo ungekuwa. Tena zinaharibu ini na moyo, na kwa wavulana korodani husinyaa. Bangi nayo haiongezi pumzi kama wanavyodai vijiweni. Inapunguza umakini, na huo ndio unaohitaji ili uuone mpira.

Unachohitaji kipo karibu: maharage, dagaa, mayai ukipata, karanga, mchicha, matunda, na ugali au wali wa kukupa nguvu. Msichana anayecheza na ameanza hedhi anahitaji zaidi vyakula vyenye madini ya chuma, na hedhi si sababu ya kukaa pembeni ukijisikia vizuri. Kunywa maji kabla ya kiu kukushika. Na ulale saa 8 hadi 10. Misuli inajijenga ukiwa umelala, si ukiwa unatazama simu usiku wa manane.

Baada ya chuo

Ningeweza kuishia pale Hasheem anapoitwa jina lake Juni 2009, mkapiga makofi. Lakini nisingekuwa mkweli. NBA ilimkuta na watu wenye nguvu na uzoefu kumzidi, na dakika za kucheza zilikuwa chache. Februari 2010 Memphis ilimpeleka kwa muda katika ligi ya chini. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Katika misimu mitano alicheza michezo 224, wastani wa pointi 2.2. Baada ya hapo aliendelea kucheza mbali na NBA, ikiwemo huko Taiwan.

Wengine humcheka. Mimi nasema hivi: kijana aliyeanza na miaka 15 akafika pale, si wa kuchekwa. Ila tujifunze pia. Urefu ulimfungulia mlango wa chuo. Miaka mitatu ya kazi ikamfikisha kwenye mlango wa pili. Na huko ndani akakuta kila mtu ni mrefu. Kukua hakuna siku ya kumaliza, na hakuna mlango unaokuhakikishia mwingine.

Msimu wako unaokuja

Basi nilimjibu nini yule mdogo wangu? Nilimwambia ukweli: "Sijui kama utafika Marekani. Wanaofika ni wachache mno. Lakini najua kwamba kwa kifundo hicho na hesabu hizo ulizoziacha, unaifunga mwenyewe njia ya chuo, na njia nyingine zote."

Tukakaa chini ya mwembe, tukaandika kwenye daftari lake matumaini ya msimu. Hakuandika "kuwa kama Hasheem". Aliandika mambo anayoweza kuyapima: kumwonyesha mganga mguu kesho. Kurudi mazoezini asipochechemea tena, akiweza kuruka kwa mguu mmoja bila maumivu. Kutupa mitupo huru 50 kila siku na kuhesabu inayoingia. Kurudi kwenye hesabu, sura moja kwa wiki.

Alipoinuka kwenda zake, nilimwona ananyoosha mgongo. Akawa mrefu kweli kweli.

Jadilianeni na wenzako

1. Ungekuwa Hasheem mwaka 2008, ungeondoka au ungerudi chuo? Kwa nini?
2. Shuleni kwenu mchezaji akiumia, nani anaamua kwamba amepona: yeye, kocha au mganga?
3. Andika mambo matatu unayotaka yakue msimu au muhula ujao. Utayapimaje?