Je, Wajua? Lon Chaney, Mtu wa Sura Elfu

• Wazazi wote wawili wa mwigizaji Lon Chaney, aliyezaliwa Colorado Springs, Marekani, tarehe 1 Aprili 1883, walikuwa viziwi. Mama yake alipougua akawa hatoki kitandani, mtoto ndiye aliyemletea habari za mtaani kwa mikono na uso. Ufundi huohuo ndio uliomtajirisha enzi za sinema zisizo na sauti.

• Hakupambwa na mtu. Sura zake alizitengeneza mwenyewe, kutoka kwenye kisanduku kilichojaa rangi, pamba, gundi na meno bandia. Ensaiklopidia ya Britannica ilipotaka makala kuhusu usanii huo, toleo la 1929, yeye ndiye aliyeandika.

• Katika The Penalty (1920) aliigiza jambazi asiye na miguu. Alikunja miguu yake nyuma ya mapaja, akaifunga kwa mikanda, kisha akatumbukiza magoti kwenye vikombe vya ngozi na kuyatembelea. Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba hakuweza kukaa hivyo kwa muda mrefu.

• Kabla ya The Phantom of the Opera (1925) kuonyeshwa, studio ya Universal iliuficha uso wake, hata picha haikutolewa. Watazamaji waliuona kwa mara ya kwanza barakoa ilipovuliwa mbele yao.

• Wamarekani walitaniana: ukimwona buibui usimkanyage, huenda ni Lon Chaney!

• Mwaka 1928 alikuwa mwigizaji mkuu wa West of Zanzibar, akiwa mwanamazingaombwe aliyepooza na kwenda Kongo kulipiza kisasi. Jina lina Zanzibar, lakini picha zilipigwa California.

• Filamu yake yenye sauti ni moja tu, The Unholy Three (1930). Humo alizungumza kwa sauti tano tofauti, na ili watu wasidhani kuna udanganyifu, aliapa kwa maandishi kwamba zote ni zake. Alifariki tarehe 26 Agosti mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 47, akiugua saratani.

• Filamu yake London After Midnight (1927) haipo tena: nakala ya mwisho inayojulikana iliteketea katika moto wa ghala la studio ya MGM miaka ya 1960. Mwaka 2002 picha za mnato zilizosalia ziliunganishwa upya, na anayetaka kuijua filamu hiyo leo hutazama hizo.